Volti 3.21

Mwalimu aliingia gereji kwangu Jumatatu moja ya mwezi wa kumi, asubuhi, hata salamu ya mwangaluka hakunipa. Akazima gari, akashuka, akafungua boneti kwa mkono wake mwenyewe, kisha akanigeukia kama vile mimi ndiye niliyemuuzia.

"Fundi, hii gari Dar ilikuwa inaruka. Nimeileta Tabora imekuwa punda."

Ni Toyota Corolla ile tunayoiita mia na kumi, injini ya 5A, EFI ya zamani, yaani mafuta yanapulizwa kwa amri ya kompyuta. Kalinunua Dar kwa mtu, akaliendesha mwenyewe siku mbili kupitia Dodoma, Singida na Nzega. Anasema mpaka Dodoma alikuwa anaimba. Baada ya Singida akaanza kuona kwamba kila kilima kinamdai gia ya 3. Alipofika Ipuli kwake, mkewe alitoka nje kuuliza nani anachoma matairi.

Nikawasha. Harufu ya petroli ilinifika puani kabla sijakanyaga mafuta. Nilipokanyaga, moshi mweusi ukatoka nyuma, na nilipoachia, sailensa, yaani mzunguko wa injini usipokanyaga mafuta, ikawa inapanda na kushuka kama mtu anayehema baada ya kukimbia. Na mimi hapo, sijashika hata bisibisi, nikatoa hukumu.

"Mwalimu, huo ni mwinuko. Dar uko baharini, hapa uko mita 1,200 juu. Hewa nyepesi. Utazoea."

Akashukuru, akaondoka. Sikumtoza hata shilingi, na nikajiona muungwana.

Niseme kwanza kwa nini nilijibu vile, maana sikulitoa hewani. Mimi ni mtu wa Ujiji. Nimejifunza spana kwa baba mdogo, ambaye aliendesha Land Rover 109 ya petroli kati ya Kigoma, Kasulu na Manyovu miaka ambayo barabara ile ilikuwa tope mpaka magotini. Mzee alikuwa na kiberiti ambacho hakikuwa na njiti. Ndani yake mlikuwa na jeti 2 za kabureta, vipande vidogo vyenye tundu la kupitisha mafuta, kila moja imefungwa kwenye kipande cha gazeti. Moja ya ziwani, nyingine ya milimani, yenye tundu dogo kidogo. Akijua atakaa Kasulu wiki nzima, alifungua kabureta usiku kwa mwanga wa kandili na kubadilisha. Alikuwa akiniambia, "Hewa ya juu ni nyepesi, ukiipa mafuta ya Ujiji inapaliwa." Na kweli ilikuwa inapaliwa: moshi mweusi, plagi zinakuwa na masizi, gari linalegea.

Kabureta haina akili. Hewa ikipita kwenye koo lake inavuta mafuta, basi. Haijui kama hewa hiyo ni nzito au nyepesi. Ukipanda mlima, hewa inayopita ina uzito mdogo lakini mafuta hayapungui kwa kiasi kilekile, kwa hiyo mchanganyiko unakuwa mzito. Ndiyo sababu ya jeti mbili. Kwa hiyo nilipoona moshi mweusi kwenye gari lililotoka pwani, kichwa changu kilienda moja kwa moja kwenye kile kiberiti. Nilisahau jambo moja tu, kwamba gari la mwalimu halina kabureta.

Wiki moja baadaye akarudi. Safari hii alikuwa mpole, na upole wa mteja unatisha kuliko hasira yake. Tangi alilojaza Jumatatu lilikwisha Alhamisi, na yeye anakwenda shuleni na kurudi tu. Akampigia fundi mmoja wa Dar, naye akamwambia hilo ni tatizo la mwinuko, asafirishe kontrol boksi, yaani kompyuta ya injini, kwa basi, ataiandika upya "kwa hewa ya Tabora", shilingi 350,000. Mwalimu akanitazama. "Na wewe si ulisema ni mwinuko? Basi nitume?"

Nilihisi kupigwa kofi. Fundi wa Dar alikuwa anauza dawa ya ugonjwa nilioutaja mimi.

"Niachie gari hadi jioni," nikamwambia.

Ukifungua boneti ya mia na kumi, tazama ukuta wa nyuma, ule unaotenga injini na dashibodi. Kuna kisanduku cheusi kidogo, waya 3 zinaingia, na mpira mmoja mwembamba unatoka kwenda kwenye manifodi ya hewa, mabomba yanayoingiza hewa kwenye silinda. Hiyo ndiyo sensa ya MAP. Kazi yake ni moja: kupima mgandamizo wa hewa ndani ya manifodi na kuipelekea kompyuta kama volti. Kompyuta inachukua volti hiyo, inaongeza mzunguko wa injini na joto la hewa, inapiga hesabu ya hewa iliyoingia kwenye silinda, halafu inaamua injekta, zile zinazopuliza mafuta, zifunguke kwa muda gani. Wajerumani walioanza mambo haya waliiita ya D, kwa neno lao Druck, mgandamizo, na zile zinazopima hewa yenyewe zikaitwa za L, kwa Luft. Toyota wakazichukua herufi hizo na kubaki nazo kwenye vitabu vyao.

Sasa sikiliza uzuri wake. Ukigeuza ufunguo bila kuwasha injini, ndani ya manifodi hakuna mvuto wowote. Hewa ya ndani na ya nje ni moja. Kwa hiyo sensa ile, kwa sekunde hizo chache, inapima hewa ya mji mzima. Usawa wa bahari mgandamizo ni kama kilopaskali 101. Tabora ni kama 88. Kigoma, ufukweni, kama 92. Kompyuta inasoma hapo, inajua iko wapi, ndipo wewe unapiga stata. Kompyuta nyingi za zama zile husoma tena ukikanyaga mafuta hadi chini, maana mlango wa hewa ukiwa wazi kabisa, ndani na nje vinakaribiana. Yaani gari limekwisha kujirekebisha kabla hujafunga mkanda. Kile kiberiti cha baba mdogo kimo ndani ya kile kisanduku cheusi, na hakihitaji kandili.

Na si hilo tu. Kwenye bomba la moshi kuna sensa ya oksijeni inayoonja kinachotoka, ikiona mafuta yamezidi inaiambia kompyuta ipunguze. Magari mapya kidogo, IST, Probox na wenzao wa injini ya 1NZ, hayana habari na MAP kwenye hesabu hii. Yana waya mwembamba uliopashwa moto, hewa ikipita inaupoza, na kadiri hewa ilivyo na uzito ndivyo inavyoupoza zaidi. Hayo yanapima uzito wa hewa wenyewe, hivyo mwinuko hauyapi shida ya hesabu hata kidogo. Shida yao Tabora ni vumbi. Waya ukivaa vumbi unadanganya kwamba hewa ni kidogo, mafuta yanapunguzwa, gari halivuti, na mwenye gari anaambiwa na jirani ni mwinuko. Usafishe kwa dawa yake ya kupuliza. Nimeona mtu kausugua kwa mswaki wa kale na petroli. Alinunua mwingine.

Basi. Nikachukua mita, nikachomeka pini ya kushonea nyuma ya soketi, kwenye waya wa kati unaopeleka ishara. Nikageuza ufunguo. Volti 3.21.

Kitabu cha injini hii kinataka kati ya 3.3 na 3.9. Fundi mwenye haraka angesema sensa imekufa, leta nyingine. Lakini kitabu hakikuandikiwa Tabora. Sensa hii hushuka kama volti 0.4 kwa kila milimita 100 za zebaki, kipimo kingine cha mgandamizo, na kutoka Dar hadi hapa tumepoteza takriban hizo 100. Ukiwa pwani inasoma 3.6 hivi, toa 0.4, unapata 3.2. Sensa ilikuwa nzima. Ilikuwa inaniambia kwa sauti, "Niko Tabora," na mimi ndiye niliyekuwa sielewi.

Nikawasha injini. Ikiwa sailensa, mvuto ndani ya manifodi ni mkubwa, volti inapaswa kuteremka hadi kama 1.5. Ikagoma kwenye 2.3. Inapandapanda, 2.2, 2.4. Hapo mwili ulinisisimka, maana maana yake ni kwamba kompyuta inaamini gari limebeba mzigo linapanda kilima, kumbe limesimama chini ya mwembe. Inamwaga mafuta ya mlimani kwenye gari lililolala.

Nikauvuta ule mpira mwembamba. Upande unaoonekana ulikuwa safi. Nikaupinda kwa vidole pale unapovaa kwenye manifodi, upande wa chini, na ukafunguka mdomo. Ufa wa nusu sentimita hivi, umekaushwa na joto la miaka. Ukiwa umenyooka unajifunga, ukitikisika unahema. Ndiyo maana sailensa ilikuwa inapanda na kushuka. Na ndiyo maana Dar gari liliruka: ufa ulikuwa mchanga. Safari ya siku mbili ya joto ilimaliza kazi, na kwa bahati mbaya ilimaliza wakati uleule gari linapanda bara. Mwinuko ulikuwepo eneo la tukio, nikaukamata.

Nilikata sentimita 2 za mpira, nikaurudisha, ukabana. Volti 1.5. Injini ikatulia hivi kwamba kijana wangu alidhani imezima, akataka kupiga stata tena. Siku ya pili nikaweka mpira mpya wa shilingi 3,000 na kusafisha plagi 4 zilizokuwa nyeusi kama sufuria ya mama ntilie.

Mwalimu aliendesha hadi Kitete na kurudi. "Inavuta," akasema. Kisha, kwa sababu ni mwalimu wa hesabu, akaongeza, "Lakini si kama Dar."

Na hapo alikuwa sahihi. Hewa ya Tabora ina oksijeni asilimia 21 kama ya Dar, uwiano haubadiliki, ila kila lita ya hewa ina uzito pungufu. Kilopaskali 88 kwa 101 ni kama asilimia 87. Injini isiyo na turbo hujaza silinda kwa hewa iliyopo, na kompyuta, kwa uaminifu wake wote, inachofanya ni kupunguza mafuta yalingane na hewa hiyo. Mchanganyiko unakuwa sahihi, nguvu inapungua. Injini ya farasi 100 inabaki na 87 hivi. Kigoma utabaki na 91. Ongeza jua la Oktoba letu: joto likipanda nyuzi 10, hewa inapungua uzito kwa karibu asilimia 3 nyingine. Hakuna mtu wa kuandika kompyuta atakayekurudishia farasi 13 hao, kwa sababu hawamo ndani ya kompyuta. Wako Dar, hewani. Unaweza kununua turbo, inayokandamiza hewa nyepesi hadi iwe nzito. Au uachane na hewa kabisa: mwaka 2018 Romain Dumas alipanda mlima wa Pikes Peak kule Marekani, unaoishia zaidi ya mita 4,300, kwa gari la umeme la Volkswagen, dakika 7 na sekunde 57, na hakuna gari la injini lililokuwa limewahi kufika muda huo. Mota ya umeme haivuti pumzi.

Kitu kimoja kinaweza kuguswa, nacho ni taiming, yaani wakati cheche ya plagi inapopigwa, na nitasema wazi kwamba sikigusi tena. Silinda yenye hewa pungufu haigongi haraka, yaani mafuta hayalipuki ovyo ndani yake, hivyo huku juu injini inavumilia cheche itangulie kidogo. Ndiyo sababu kule Colorado, jimbo la milima, petroli ya kawaida huuzwa ya okteni 85, kipimo cha petroli kuvumilia bila kugonga, wakati sehemu nyingi za nchi yao ni 87. Kwenye 5A, ambayo bado ina distributa ya kugawa cheche, ukiunganisha zile pini mbili za TE1 na E1 unapata taiming ya msingi, digrii 10 kabla pistoni haijafika juu. Miaka fulani nilimwekea jamaa mmoja wa Isevya 13. Alifurahi sana, gari likawa jepesi. Kisha akalipakia mchele na asali akashuka nalo Dar, na pale hewa ilipokuwa nzito, injini ikaanza kugonga kama mtu anatwanga. Alinipigia kutoka Chalinze. Maneno aliyosema siyaandiki hapa.

Wiki tatu baada ya ule mpira, mwalimu alikuwa na msiba Kigoma, akaniomba tuongozane kwa vile na mimi nilikuwa na wazee wa kusalimia. Niliiacha pini kwenye soketi, nikapitisha waya chini ya dashibodi, mita nikaishika mkononi. Kila tuliposimama alizima injini, akageuza ufunguo bila kuwasha, nami nikasoma. Tabora 3.21. Urambo 3.23. Kwenye daraja la Kikwete pale Malagarasi, 3.26, na mwalimu akatoa kalamu akaanza kuandika nyuma ya risiti ya mafuta. Kwenye vilima vya baada ya Uvinza ikarudi nyuma nukta kadhaa, akanung'unika kama mtu ambaye timu yake imefungwa bao. Tulipoteremka Mwanga, mjini Kigoma, na ziwa likajitandaza mbele, alisimama pembeni bila hata kuambiwa.

Baba mdogo tulimkuta Ujiji, uani, anatengeneza wavu wa mtu. Macho yamepungua ila vidole bado.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba mwanangu. Umekuja na nani?"

Mwalimu naye akaamkia, na kabla ya chai kufika alikuwa ameshamweleza mzee habari yote: moshi, mpira, volti, na hukumu yangu ya kwanza hakuiacha. Mzee alicheka hadi akakohoa. Akaomba aone. Tukamshika mkono hadi kwenye gari, nikamwekea kidole juu ya kile kisanduku.

"Hiki?"

"Hicho."

"Na jeti?"

"Hakuna jeti, baba mdogo. Kompyuta inaamua mafuta yenyewe."

"Inaamua kwa kuangalia nini?"

"Mgandamizo wa hewa. Hapa inaona 3.35. Tabora iliona 3.21."

Akanyamaza. Akaniambia nigeuze ufunguo tena, nimsomee. Nikasoma: 3.35. Akasema nizime, nigeuze tena. Ikawa 3.35. Alikuwa anaikagua kama anavyokagua mizani ya dagaa pale Kibirizi, akisubiri ikosee.

"Kesho mnarudi njia gani?"

"Tunapita Kidahwe, kisha Uvinza."

"Pitieni Kasulu."

"Baba mdogo, Kasulu si njia ya Tabora."

"Najua Kasulu iko wapi," akasema.

Kesho yake, saa 12 na nusu asubuhi, tulimkuta ameketi kiti cha mbele, kofia kichwani, mlango ameshaufunga, mita mkononi. Mwalimu aliingia nyuma bila kusema neno, akatafuta kalamu.